Mtabiri Ameshatimiza Wajibu Wake, Zamu Sasa ni Yetu

Mwisho wa Februari Dar es Salaam haina pa kujificha. Saa mbili asubuhi shati limeshalowa kituoni kabla daladala haijafika. Saa nane mchana mabati ya Manzese na Tandale yanashusha moto vyumbani, na saa nne usiku kuta za tofali bado zinafukuta, feni inazungusha hewa ileile, watoto wanalazwa barazani. Halafu, katika wiki mbili au tatu, mambo hugeuka. Mawingu yanajikusanya, mvua inashuka, na jiji lililokuwa likililalamikia jua linaanza kuyalalamikia maji.

Kati ya malalamiko hayo mawili kuna muda mfupi ambao naamini ndio wenye thamani kuliko wote katika mwaka wa jiji hili. Ni muda ambao watabiri wa hali ya hewa wameshatuambia kinachokuja, na ardhi bado ni kavu. Karibu kila mwaka tunauacha upite bure, kisha mvua ikishaingia ndani ya nyumba za watu tunaulizana kama tulipewa taarifa.

Tuanze na joto lenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na jua likiwa safarini kurudi kaskazini hupita juu kabisa ya jiji hili siku za mwanzo za Machi. Ndilo jua la utosi: mtu akisimama adhuhuri, kivuli chake hubaki miguuni mwake. Wakati huohuo kaskazi, upepo uliovuma tangu Desemba, huwa umechoka. Upepo huu ndio ulioyaleta majahazi kutoka Uarabuni kwa karne nyingi, na ndio unaowapunguzia watu wa pwani makali ya kiangazi. Ukilegea kabla kusi, upepo wa kutoka kusini, haijashika zamu, unabaki upepo wa tanga mbili, usio na mwelekeo wa kuaminika. Bahari nayo imepashwa jua kwa miezi mitatu na inajaza hewa unyevu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana nyuzijoto 32, kukiwa na unyevu wa asilimia 70 hewani, mwilini huhisika kama 40.

Namba tunayosomewa kwenye taarifa ya habari hupimwa katika Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za mapengo, kilichoinuliwa juu ya nyasi ili kipimajoto kikae kivulini na kipate hewa. Hivyo ndivyo inavyopimwa dunia nzima, ili joto la Dar liweze kulinganishwa na la Tanga au la Tokyo. Utaratibu huo ni sahihi kabisa. Lakini hakuna mtu anayetafuta riziki yake ndani ya kisanduku kile. Fundi wa kuchomelea pale Gerezani, mama lishe aliyeinama juu ya jiko la mkaa, mbeba mizigo wa Kariakoo anayepita katikati ya lami, saruji na moshi wa magari, hao wote wanaishi katika joto kali kuliko lililotangazwa. Kwao 33 ya kiwanja cha ndege ni mwanzo tu wa hesabu.

Sisi tumelizoea joto kama jambo la kuvumilia, na katika hili tunakosea. Joto halibomoi nyumba na halina picha ya ukurasa wa mbele, lakini linamwandama mzee mwenye presha, mjamzito, mtoto mchanga na kibarua anayelipwa kwa kutwa. Jiji la Ahmedabad nchini India lilipoteza watu wengi katika wimbi la joto la mwaka 2010, na kufikia 2013 likawa na mpango wake wa kukabiliana na joto: tahadhari zinazotangazwa mapema, maji ya kunywa mitaani, wahudumu wa afya waliofundishwa kuzitambua dalili, na baadaye mapaa kupakwa rangi nyeupe. Katika hayo hakuna lililo nje ya uwezo wa Dar es Salaam. Kinachokosekana ni kuamua kwamba joto la Februari ni hatari inayostahili tangazo na mpango, kama tunavyofanya kwa upepo mkali baharini.

Sasa tuje kwa watabiri. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huwaita wanahabari na kutoa mwelekeo wa mvua za Masika, zile za Machi hadi Mei. Nyuma ya mkutano huo kuna wiki nyingi za kazi. Wataalamu wamepima joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, wamefuatilia migandamizo ya hewa inayosukuma pepo kutoka kusini na kaskazini, wameangalia ukanda wa mvua unavyotarajiwa kupanda kuelekea kaskazini, na wamelinganisha hesabu zao na za wenzao wa nchi jirani. Mwishoni yanatoka maneno tunayoyafahamu: mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, au za wastani hadi chini ya wastani, zitaanza wiki fulani ya mwezi fulani. Dar es Salaam huwekwa kundi moja na Pwani, Tanga, kaskazini mwa Morogoro, Unguja na Pemba.

Ukiusoma waraka wenyewe, na siyo kichwa cha habari peke yake, utaona jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Baada ya utabiri hufuata ushauri kwa kila sekta. Mkulima anaambiwa aandae shamba, wizara ya afya inaambiwa ijiandae na magonjwa ya mlipuko, na mamlaka za miji zinashauriwa kuhakikisha njia za kupitisha maji zinafanya kazi kabla mvua hazijaanza. Yaani mtabiri haishii kusema mvua itanyesha. Anasema pia nani afanye nini, na anasema wakati bado kuna siku za kufanyia kazi.

Nawatetea watabiri hawa kwa sababu najua wanapewa mtihani mgumu. Mvua za Vuli, za Oktoba hadi Desemba, zina bwana wanayemjua: hufuata kwa karibu hali ya bahari, El Niño upande wa Pasifiki na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Agosti 2023 TMA ilitangaza kwamba Vuli ingekuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño, na mvua zikaja kwa wingi. Masika haina bwana mmoja. Inavutwa huku na kule na mambo mengi, na baadhi huibuka baada ya utabiri kutoka. Machi 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Beira nchini Msumbiji, mfumo wa pepo na unyevu wa ukanda wote ulivurugika, na Masika ya Afrika Mashariki ikachelewa. Hakuna mtaalamu ambaye angeweza kulisema hilo Februari kwa uhakika. Ndiyo maana TMA hutoa pia utabiri wa mwezi, wa siku kumi na wa kila siku, na ndiyo maana anayesikiliza mara moja tu mwelekeo wa msimu kisha akazima redio hawezi kusema amefuatilia.

Kuna kosa jingine tunalolifanya, la kudhani kwamba jumla ya msimu inatuambia habari za siku moja. Msimu unaweza kuisha ukiwa chini ya wastani, na katikati yake ukawemo usiku mmoja wa maafa. Wastani ni hesabu ya miaka mingi iliyopita iliyokusanywa pamoja, lakini mtaro huzidiwa na saa mbili za mvua moja. Kwa mtu wa bondeni Kigogo, utabiri wa "chini ya wastani" si ruhusa ya kulala fofofo.

Pita kijiwe chochote cha bodaboda wakati kuna tahadhari, utasikia mazungumzo yaleyale.

"Dogo, umesikia utabiri wa kesho?"

"Nimesikia mzee, lakini hawa jamaa si kila siku wanasema mvua."

Aprili 2021 maneno hayo yalienea jiji zima. Kimbunga Jobo kilikuwa kinasogea kuelekea pwani yetu, TMA ikakifuatilia na kutoa taarifa mfululizo, shughuli za baharini zikasitishwa. Kikafifia kabla ya kutufikia, na waliotuonya wakageuzwa kichekesho mitandaoni. Miaka miwili kabla yake ilitokea hivyohivyo Mtwara: watu walitakiwa kujihami na kimbunga Kenneth, kikapinda kusini na kuiangukia Cabo Delgado kwa nguvu za kutisha. Aliyeyaona mapaa ya Cabo Delgado baada ya siku ile hawezi kusema kwamba Mtwara ilitishiwa bure. Kisha ikaja Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilitangazwa siku kadhaa kabla, boti za Dar na Zanzibar zikazuiwa, na safari hii hakikufifia mbali: kilikigusa kisiwa cha Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Lindi eneo la Somanga. Pwani hii haijawahi kuwa na kinga. Zanzibar ilipigwa na kimbunga mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, na Lindi ilikiona chake mwaka 1952.

Hakuna anayemfukuza mlinzi wa usiku kwa sababu mwizi hakuja. Mtabiri anayesema kuna uwezekano mkubwa wa mvua hajaahidi mvua. Amepima hatari na kuikabidhi kwetu ili tuamue. Tukimzomea kila hatari inapopita kando, tunamfundisha kunyamaza, na siku atakayonyamaza kwa kuogopa kuchekwa ndiyo siku tutakayozika watu.

Hebu tuangalie kinachotusubiri. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa Aprili ya Dar es Salaam si ajabu hata kidogo, inamwaga lita milioni 50 juu ya kila kilomita moja ya mraba. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na mchanga, minazi na miembe. Leo yanaangukia mabati, lami na sakafu za saruji, na yote yanatafuta njia kwa wakati mmoja. Njia kubwa kuliko zote ni Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka milima ya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kuingia baharini pale Daraja la Salenda.

Hapo penye mdomo wa mto kuna jambo ambalo wavuvi wanalijua kuliko wengi wetu. Bamvua za Machi na Aprili, yaani siku maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, ni miongoni mwa kubwa za mwaka. Mvua kubwa ikigongana na maji kujaa, bahari inauzibia mto mlango, na maji yanarudi nyuma kuingia Jangwani. Tarehe za bamvua zinajulikana mwaka mzima kabla, maana zinafuata mwezi na jua. Utabiri wa mvua ukiwekwa pamoja na jedwali la maji kujaa na kupwa, tunaweza kuzijua mapema siku za hatari zaidi katika msimu mzima. Sijaona manispaa inayoubandika ujumbe huo kwenye ofisi za serikali za mitaa.

Tunajua gharama yake. Desemba 2011 mvua kubwa iliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo mafuriko yamerudi tena na tena, mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichojengwa Jangwani kikawa chenyewe kinafunikwa na maji. Sasa kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde la Msimbazi kwa fedha za Benki ya Dunia na wadau wengine, pamoja na daraja la Jangwani. Ni kazi njema na ya lazima. Lakini mradi huo hautasafisha mtaro wa nyuma ya soko la Tandale, na maji yanayomfikia mtu mlangoni mara nyingi hutoka kwenye mtaro kama huo.

Nenda ukauangalie mtaro wowote wa mitaa yetu wiki hii, ukiwa bado mkavu. Chini kuna mchanga ulioganda hadi nusu ya kina. Juu ya mchanga kuna chupa za maji, mifuko, mafuu ya madafu, maganda ya miwa na nepi. Mfuniko wa zege umevunjika na kipande chake kimeanguka humohumo ndani. Mbele kidogo mtu amejenga kibanda cha biashara juu ya mtaro, na chini ya kibanda hicho hakuna anayeweza kufikisha koleo. Kisha mvua ikikaribia wanakuja vibarua, wanachota tope na kulirundika ukingoni mwa mtaro, na hapo linaachwa. Gari la kulizoa halifiki. Mvua ya kwanza inalirudisha lote lilikotoka. Mwaka nenda mwaka rudi fedha za umma zinatumika kulitoa tope mtaroni na kulisubiri lirudi.

Na siyo mvua nyingi pekee inayotukuta hatuna maandalizi. Mwaka 2022 utabiri wa Vuli ulionyesha mvua za chini ya wastani. Oktoba mwaka huo Mto Ruvu, unaobeba sehemu kubwa ya maji ya jiji, ulipungua, mgawo wa maji ukaanza na madumu yakajipanga foleni kila kona. Utabiri wa uhaba nao ni utabiri. Ulikuwa unatutaka tukinge maji, tuzibe mabomba yanayovuja barabarani na kupunguza matumizi mapema, na hilo pia tulilisikia kama habari za watu wengine.

Watabiri nao wana deni kwetu, na nalisema kwa heshima. Tahadhari ya kawaida husomeka hivi: mvua kubwa inatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya mikoa kadhaa, uwezekano wa kutokea, wastani, kiwango cha athari, wastani, athari zinazoweza kujitokeza ni baadhi ya makazi kuzungukwa na maji. Kitaalamu hakuna kosa. Lakini mama wa Kigogo anayeipokea kwenye simu saa tatu usiku anataka kujua jambo moja: apandishe godoro juu ya meza na kuwapeleka watoto kwa shangazi yao usiku huu, au asubiri asubuhi? Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 5 hauwezi kuelezwa kama mahali pamoja. Rada ya mvua ipo jijini. Wataalamu wanajua kwamba mvua iliyonyesha kwa nguvu huko Pugu huja kuwa maji ya Jangwani baadaye. Tahadhari itaje mto, itaje kata, itaje saa, na ifike kwa mjumbe na msikitini na kanisani kabla ya kuzagaa kwenye makundi ya simu ambako ujumbe wa kweli unachanganyika na wa uongo. TMA ikihitaji watu na vifaa kufanya hivyo, ipewe. Bunge liliiongezea hadhi kwa sheria ya mwaka 2019 kutoka wakala kuwa mamlaka, na hadhi hiyo iende na bajeti.

Kwa halmashauri zetu tano, Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, nina pendekezo lisilohitaji mkopo wa nje. Siku TMA inapotangaza mwelekeo wa Masika, kila mkurugenzi asimame ndani ya wiki hiyo na kutoa orodha yake: mitaro ipi itasafishwa, kwa tarehe zipi, nani amepewa kazi, tope litapelekwa wapi na kwa gari gani, shule zipi zitapokea watu wakilazimika kuhama. Orodha hiyo ibandikwe kwenye kila ofisi ya mtaa. Msimu ukiisha, atoe ya pili inayoonyesha kilichofanyika na kisichofanyika. Hivi leo mtabiri peke yake ndiye anayehukumiwa hadharani, kwa sababu ndiye pekee aliyetaja tarehe. Anayepaswa kuzibua mtaro hakutaja chochote, kwa hiyo hana cha kuulizwa.

Sisi wananchi hatuwezi kukaa pembeni. Chupa iliyoziba karavati haikuletwa na halmashauri. Ilirushwa dirishani mwa daladala na mmoja wetu. Kibanda kilichokaa juu ya mtaro kina mwenyewe, na majirani wanamjua. Ukuta unaozuia njia ya maji ulijengwa na mtu mwenye uwezo, huku mtaa mzima ukitazama. Mwenye nyumba anayesubiri mvua ndipo akague paa, na mzazi anayesubiri mafuriko ndipo aulize shule ya mwanawe iko upande gani wa mto, wote wamezidharau siku walizopewa bila malipo.

Siku hizo ndizo hizi. Zina joto, zinachosha, na zinamfanya mtu atamani mvua ije leo. Ila kila siku inayobaki kavu ni siku ambayo koleo linaweza kuingia mtaroni, gari linaweza kuzoa tope, mkutano wa mtaa unaweza kuitishwa chini ya mwembe. Mvua ikishaanza, gharama ya kila kimoja kati ya hivyo hupanda, na vingine haviwezekani kabisa. Kwa hiyo mwaka huu, kabla hatujamuuliza mtabiri kama utabiri wake ulikuwa sahihi, kila mmoja wetu aanze na swali linalomhusu: mkurugenzi, diwani, mwenyekiti wa mtaa, mwenye nyumba na mpangaji, tangu tulipotangaziwa hadi leo, tumefanya nini?